Siwatu na Kuku Walioitwa Wageni

Nina ngano hapa, niitoe nisiitoe?

Itoe.

Ina mabawa, itaruka. Mtaikamata?

Iachie, tutaikamata.

Basi sogeeni. Na wewe uliyepakata mtoto, mnyonyeshe kabisa sasa hivi, maana nikianza sipendi kukatizwa.

Zamani, zamani sana, wakati kuku walikuwa bado wanajibu wakisemeshwa, palikuwa na mwanamke jina lake Siwatu. Siwatu alizaliwa mjini. Akaolewa mjini na mshona makubadhi aitwaye Kombo. Wakapata mtoto mmoja wa kike, wakamwita Mize.

Mize alikuwa na kikohozi. Mji ule nyumba zilibanana, moshi wa jiko la huyu ukaingia chumbani kwa yule, na vumbi la punda halikuwa na pa kwenda. Mtoto akapewa asali, akakohoa. Akapewa tangawizi, akakohoa. Akapewa kitunguu maji na ndimu, akakohoa zaidi. Mwisho Siwatu akamwambia mumewe, "Baba Mize, mtoto huyu anataka hewa. Tuhamie shamba."

Wakahamia shamba. Siku ya kwanza Mize akakohoa kidogo. Siku ya pili akakohoa kidogo sana. Siku ya tatu akaamka, akala uji, akatoka mbio kufukuza panzi, wala hakukohoa.

Siwatu akafurahi. Kombo hakufurahi. Watu wa shamba lile walitembea pekupeku, na mshona makubadhi atamshonea nani mahali ambapo kila mtu anatembea pekupeku? Wakapanda mahindi, naye akasema, "Mama Mize, nitavumilia mpaka mahindi yavunwe. Mwanamke wa shamba ana kuku uani kwake. Ukinionyesha hata kifaranga mmoja aliyeanguliwa hapa, nitajua tumekuwa watu wa hapa, tutakaa. Mahindi yakiingia ghalani na uwanja ni mtupu, tunarudi mjini."

Siwatu akamtazama mtoto wake anavyokimbia. Akasema, "Nimekubali."

Alikubali, lakini kuku alikuwa akimjua ndani ya sufuria tu.

Sasa, jirani yao alikuwa mama mtu mzima jina lake Bi Mosi, mwenye kuku wengi na maneno machache. Bi Mosi aliposikia kwamba mke wa Kombo anataka kuku, alikuja na tenga kichwani. Ndani ya tenga mlikuwa na mitetea mitatu. Wa kwanza alikuwa Kishingo, maana shingo yake haikuwa na manyoya. Wa pili alikuwa Kibutu, maana hakuwa na mkia. Wa tatu alikuwa Madoadoa, na sababu mnaijua.

"Mgeni, pokea," akasema Bi Mosi. "Hawa ni wa mbegu. Jogoo usihangaike, wangu anapita nyua zote kila asubuhi, hana kazi nyingine."

"Ahsante, Bi Mosi."

"Haya mgeni, starehe." Bi Mosi akachukua tenga lake, akaenda zake.

Siwatu alitaka kumuuliza, kuku anawekwa wapi? Anapewa nini? Anafanywaje? Lakini Siwatu alikuwa mtu wa haya. Neno lilimfika kwenye ulimi likarudi tumboni. Akabaki mlangoni na kuku watatu, wanamtazama, anawatazama.

Basi akafanya alichofundishwa na mama yake. Kwao mjini mtu akiingia mlangoni hukaribishwa kwa maji na mkeka. Siwatu akatandika mkeka mpya. Akaleta maji kwenye kata, akawamiminia miguuni mmoja mmoja. Akasema, "Karibuni, wageni wangu. Karibuni ndani, mstarehe."

Kuku wakatazamana. Tangu kuku waumbwe, hakuna aliyewahi kuitwa mgeni.

"Ametuitaje?" akauliza Kibutu.

"Wageni," akasema Kishingo. "Nyamazeni. Jambo hili lina faida."

Mnasikia hapo? Hapo ndipo balaa lilipoanza, kwenye neno moja la adabu.

Jioni ilipofika Siwatu akawaonyesha mkeka. Kishingo akaukanyaga, akainua mguu. "Mgumu huu. Kwetu kwa Bi Mosi hatulali chini."

"Samahani, wageni wangu. Mnalala wapi?"

"Juu ya kitanda."

Siwatu akawapa kitanda. Yeye na mumewe na Mize wakalala kwenye mkeka. Asubuhi Kombo akaamka na shingo imekakamaa, akakuta shuka limechafuka kutoka miguuni hadi mchagoni. Alitazama shuka, akamtazama mkewe, akatoka.

Siku ya pili Siwatu akawawekea pumba. Kibutu akadonoa mara moja, akatema. "Kavu hii. Kwetu kwa Bi Mosi hatuli pumba."

"Samahani, wageni wangu. Mnakula nini?"

"Mtama uliopembuliwa, na juu yake nazi iliyokunwa."

Siwatu akapembua mtama. Akakuna nazi. Mize akaja na kibakuli chake kuomba nazi kidogo, kuku wakamkodolea macho mpaka mtoto akarudi nyuma.

Siku ya tatu Siwatu akatengeneza viota vitatu vya majani makavu, akavipanga vizuri kando ya mlango. "Wageni wangu, mkitaka kutaga, viota hivi hapa."

Madoadoa akajifunika uso kwa bawa. "Astaghafiru. Mgeni anataga kwa watu? Kwetu kwa Bi Mosi hiyo ni aibu kubwa."

"Samahani," akasema Siwatu. "Sikujua."

Ikawa kila asubuhi wakishashiba mtama na nazi, wote watatu wanaaga. "Mwenyeji wetu, tunakwenda kunyoosha miguu." Wanakwenda. Jua likiwa juu ya vichwa wanarudi, matumbo mepesi, wanatembea kwa maringo. Siwatu anachungulia kiota cha kwanza, hakuna kitu. Anachungulia cha pili, hakuna kitu. Anachungulia cha tatu, hakuna kitu. Anasema, "Poleni na matembezi," anaingia ndani, anaketi juu ya kinu na kujishika kichwa.

Kombo alipita shambani, akarudi. "Mahindi yameota. Kuku wako je?"

"Wanazoea," akasema Siwatu.

Nyuma ya nyumba ile palikuwa na kichuguu, na ndani ya kichuguu alikaa Kenge. Siku zile Kenge alikuwa na ulimi kama wako na wangu, mfupi na mnene, wa kulambia na kudanganyia. Kenge alimwona Siwatu anavyochungulia viota. Akaoga kwenye dimbwi, akaja mpaka mlangoni.

"Hodi hapa."

"Karibu," akasema Siwatu.

"Nimekuja kukutazama, mgeni. Mimi ni mwenyeji wa hapa. Kichuguuni kule alikaa babu yangu, akakaa baba yangu, na sasa nakaa mimi. Hakuna nisilolijua kuhusu mayai."

Siwatu akashukuru moyoni. Kumuuliza Bi Mosi aliona haya, lakini huyu amekuja mwenyewe, hakuulizwa. Akamweleza yote.

Kenge akatikisa kichwa kwa huruma. "Maskini. Kuku wako wana haya, bibi. Nani anaweza kutaga mlangoni, watu wanapita? Peleka kiota nyuma, karibu na kichuguu changu, penye giza. Na usichungulie. Kiota kikichunguliwa kinavunjika moyo."

Siwatu akahamisha kiota. Na kweli, Madoadoa, ambaye alikuwa mvivu kuliko wenzake na alichoka kwenda kunyoosha miguu kila siku, akakiona, akasema, "Potelea mbali," akataga yai. Siwatu alimsikia anavyotangaza. Akangoja. Jioni uvumilivu ukamwisha, akachungulia. Kiota kitupu.

Akamwendea Kenge. "Bwana Kenge, nimesikia kuku anataga na yai silioni."

"Limeshaanguliwa," akasema Kenge. "Kifaranga ametoka, amekwenda kutembea. Watoto wa siku hizi hawakai."

Siku ya pili Madoadoa akataga tena. Siwatu akachungulia, kiota kitupu, na pembeni ganda lililovunjika. "Bwana Kenge, na hili?"

"Umeona ganda? Ndiyo dalili yenyewe. Wameshakuwa wawili. Watakuwa wanatembea pamoja."

Siku ya tatu Siwatu hakungoja jioni. Alimsikia kuku, akakimbia, akamkuta Kenge ametoka kiotani, na kidevu chake chote cha njano.

Wakatazamana.

"Nimejipaka manjano," akasema Kenge. "Shemeji yangu anaoa."

Na Siwatu, jamani, Siwatu aliyelelewa vizuri, akafungua kinywa kumwita mwizi, na neno lililotoka likawa, "Hongera."

Akarudi ndani. Akaufunga mlango. Akaubana uso wake kwenye kanga na kupiga ukelele ambao hakuusikia mtu ila Mize, na Mize akamletea maji.

Kombo akatoka shambani. "Mahindi yamekomaa. Kuku wako je?"

Safari hii Siwatu akazidi kukuna nazi.

Asubuhi yake akasimama mlangoni, mikono kiunoni. Kuku wamekwisha kula na wanaaga. Akasema, "Hakuna kutoka. Kuanzia leo mnakaa hapa, mnalala chini, mnakula pumba, na mnataga."

Kishingo akageuza ile shingo yake tupu, akamtazama kwa jicho moja, kisha kwa jicho la pili.

"Kwa amri ya nani?"

"Kwa amri yangu. Mimi ndiye mwenye nyumba."

"Wewe?" akasema Kishingo. "Hebu nikuulize. Jana Bi Mosi amepita njiani, amekusalimu vipi? Amesema, 'Hujambo, mgeni.' Muuza chumvi amesema, 'Hujambo, mgeni.' Hata huyu mnywa mayai wa kichuguuni anakuita mgeni. Miezi inakwenda hapa hakuna anayekuita jina. Sisi tumezaliwa mashamba haya. Sasa niambie wewe, kati yangu na wewe, mgeni ni nani?"

Kibutu akacheka. Madoadoa akacheka. Wakampita katikati, mmoja kushoto, mmoja kulia, mmoja chini ya kanga yake, wakaenda zao.

Siwatu hakulia. Alisimama pale pale. Alikuwa akilifikiri lile neno, maana kuku ni mjeuri lakini hakuwa mwongo. Tangu alipofika, shughuli tatu zilifanyika kijijini. Kwenye ya kwanza, wanawake walitwanga, yeye akawekwa mkekani akapewa chai. Kwenye ya pili, wanawake walisonga ugali wa watu mia, yeye akawekwa mkekani akapewa sahani ya kwanza. Kwenye ya tatu, walichota maji mtoni, yeye akawekwa mkekani akapepewa. Hakuna aliyempa mwiko wala mchi. Kila mara alisema ahsante, akala, akaenda zake. Alidhani anapendwa. Na kweli alipendwa, kama apendwavyo mtu atakayeondoka.

Siku hiyo kwa Bi Mosi palikuwa na mpunga wa arusi unatwangwa. Siwatu akambeba Mize mgongoni, akaenda. Wanawake wakamwona, wakampisha. "Karibu, mgeni. Mkeka huo."

Siwatu hakukaa. Akamshusha Mize, akajifunga kibwebwe, akamwendea mwanamke mmoja aliyekuwa na jasho, akaushika mchi wake.

Michi yote ikasimama.

"Mgeni, keti," akasema Bi Mosi.

"Siketi."

"Utachubuka mikono."

"Acha ichubuke."

Mwanamke mwenye jasho akamtazama Bi Mosi. Mchi ukaachiwa. Siwatu akatwanga. Akatwanga huku mwenzake wa upande wa pili akiwa bado hajainua, michi ikagongana. Akatwanga tena, mpunga ukaruka nje ya kinu. Akatwanga mara ya tatu, mchele ukamwagika kwenye miguu ya Bi Mosi, na kuku wote wa uwanja ule wakaja mbio, na Kishingo na Kibutu wakiwa wa mbele.

Bi Mosi akauangalia mchele miguuni pake. Akavuta pumzi.

"Wee mama Mize," akasema, "huo mpunga unautwanga au una ugomvi nao? Hebu simama. Si hivyo. Panua miguu. Mchi unaachiwa uanguke wenyewe, hausukumwi kama mlango wa mdaiwa. Mjini kwenu mnatwanga na nini, viwiko?"

Wanawake wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Siwatu naye akacheka, na machozi yakamtoka, kwa kuwa tangu afike shamba lile hakuna mtu aliyekuwa amemgombeza. Akatwanga mpaka mikono ikachubuka kweli.

Kazi ilipokwisha Bi Mosi akamshika mkono, akamwingiza ndani, akafunua kikapu. Kikapu kilijaa mayai.

"Ya nani haya?" akauliza Siwatu.

"Yako. Kuku wako wanakuja kutaga hapa kila siku, kwenye viota vyao vya zamani. Wanataga, wananinyea uwanjani, wanarudi kwako kula. Mimi nayakusanya."

Siwatu akayatazama mayai yale. "Bi Mosi. Tangu mahindi hayajaota."

"Tangu mahindi hayajaota."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie vipi?" akasema Bi Mosi. "Mgeni anafuatwa kwake kuambiwa amekosea? Nimelelewa wapi mimi? Nilingoja uulize. Kila siku nakuona unapita, nasema leo atauliza. Unasema hujambo Bi Mosi, unapita. Nasema basi, labda mjini wana namna yao ya kufuga. Unajua nimepata shida gani kulala na siri ya kikapu hiki?"

"Na mimi nimepembua mtama mpaka kucha zimekwisha."

"Mtama wa nini?"

"Wa kuku. Walisema kwako wanakula mtama na nazi."

Bi Mosi akaketi juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi bila kuangalia. "Mtama na nazi. Hao wanakula jaani. Mtama sijaula mimi tangu Ramadhani." Akainua kichwa. "Na wanalala wapi?"

Siwatu akaona haya kusema. Kisha akasema, "Kitandani."

Bi Mosi akafunika uso kwa mikono miwili.

Alipomaliza kucheka alimfundisha, na safari hii kwa maneno mengi. "Kuku mpya hakaribishwi, mwanangu. Kuku mpya anafungwa kamba mguuni, anazungushwa mafiga mara tatu, anaambiwa kwa jina lake kwamba jiko hili ndilo jiko lake. Siku saba kamba haitoki. Ukimfungua, hata umfukuze haondoki. Haya mayai ya chini yamekwisha oza, tupa. Haya kumi na moja ya juu ni ya wiki hii. Kishingo anataka kuatamia, nimemwona anavyokasirika. Mlaze hapo jikoni kwako. Ni siku ishirini na moja." Akasita. "Na nyuma ya nyumba yenu, bado yupo yule mnafiki wa kichuguuni?"

"Alisema shemeji yake anaoa."

"Kila mwaka anaoa," akasema Bi Mosi, akamchagulia yai moja lililooza na kiganja cha pilipili kichaa.

Siwatu akarudi kwake. Hakusema karibu. Alimkamata Kishingo kwapani, akamfunga kamba mguuni.

"Ndiyo heshima hii?" akapiga kelele Kishingo. "Mgeni anafungwa?"

"Wewe si mgeni," akasema Siwatu, akamzungusha mafiga mara moja. "Kishingo, jiko hili ni lako." Akamzungusha mara ya pili. "Kishingo, majivu haya ni yako." Akamzungusha mara ya tatu. "Kishingo, jaa liko nyuma ya nyumba, na kula yako iko huko." Akamlaza pembeni ya jiko juu ya yale mayai kumi na moja, akamfunika kwa tenga.

Akamkamata Kibutu, akamfanya vilevile. Akamkamata Madoadoa, ambaye alikuwa mnene kwa nazi, na kumzungusha mara tatu kulimchosha Siwatu kuliko kutwanga. Wote watatu wakagomba. Wakasema kwetu hivi, kwetu vile. Siwatu akawapa pumba, akaendelea kuosha vyombo.

Kisha akatoboa lile yai bovu, akamwaga ya ndani, akalijaza pilipili mpaka juu, akaliziba kwa unga uliokandwa. Akaliweka kwenye kiota cha nyuma. Kenge akaja mbio mbio, akalipasua kwa taya zake, akalimeza lote na ulimi umetangulia.

Nyinyi mmewahi kumwona kenge analia? Aliruka juu ya kichuguu, akashuka. Aliutoa ulimi nje upate upepo, akauburuza kwenye mchanga, akausugua kwenye mti, ukavutika ukawa mrefu, akausugua zaidi, ukapasuka katikati. Siwatu alisimama pale anamtazama.

"Bwana Kenge," akasema, "umejipaka nini leo?"

Kenge alihama siku ileile. Na mpaka leo ulimi wake una ncha mbili, na kila akitembea anautoa nje anaurudisha, anautoa nje anaurudisha, bado anautafutia upepo.

Siku zikaenda. Kishingo akaatamia. Mahindi yakakauka. Yakavunjwa, yakamenywa, yakapandishwa ghalani, na kazi ikaisha siku ya ishirini. Kombo akaingia ndani, akakunja mikeka, akaifunga. Akaleta punda.

"Mahindi yameingia ghalani," akasema. "Uwanja ni mtupu. Tulikubaliana, mama Mize."

"Bado siku moja," akasema Siwatu.

"Hatukusema siku moja. Tulisema mavuno."

Siwatu wa zamani angesema samahani. Huyu alikuwa anachochea moto, wala hakugeuka.

"Basi pakia," akasema. "Pakia mikeka, pakia na sindano zako za viatu. Mimi nina kuku yuko juu ya mayai, nina arusi ya jirani kesho kutwa na nimepewa sufuria ya kupika, na nina mtoto ambaye hajakohoa tangu tulipokuja. Sina nafasi ya kusafiri. Ukifika mjini wasalimu."

Kombo akasimama na kamba ya punda mkononi. Alikuwa na mwanamke huyu miaka sita, hakuwa amewahi kusikia maneno mengi hivyo kwa mara moja. Akamtazama Mize, aliyekuwa amelala kifudifudi mbele ya tenga, sikio kwenye matete.

"Baba, njoo usikie," akasema Mize.

"Nisikie nini?"

"Wewe njoo."

Kombo akainama, naye amenuna. Akaweka sikio. Kishingo akamdonoa puani. Akaweka tena. Na ndani ya yai moja akasikia mtu anagonga, ko, ko, ko, na sauti ndogo yenye hasira inasema, "Kelele zote hizo nje ni za nini? Mtu hawezi kuzaliwa kwa raha?"

Kombo akabaki ameinama. Punda akachoka kungoja, akaenda kula mabua.

Wakakaa pale mpaka jioni. Yai likapata ufa. Ufa ukawa tundu. Mapambazuko ya siku ya ishirini na moja, kifaranga wa kwanza akatoka, ameloa, anatetemeka, akafuatiwa na wa pili, akafuatiwa na wa tatu, mpaka wakafika tisa. Mawili hayakuanguliwa, ndivyo ilivyo.

Kifaranga wa kwanza alipokauka akatazama mafiga. Akatazama majivu. Akamtazama mama yake.

"Mama," akasema, "kwetu ni wapi?"

Kishingo akafungua mdomo. "Kwetu kwa Bi..." akaanza. Aliwatazama watoto tisa waliomzunguka, hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona Bi Mosi.

"Ni hapa," akasema. "Umeshaambiwa, sasa funga mdomo uingie ubawani, nimekaa siku ishirini na moja na mgongo unaniuma."

Huko nje Kombo alikuwa anafungua mikeka. Aliifungua yote, akaitandika. Kisha akachukua panga akaenda kukata miti ya kujengea banda, na kabla ya kutoka akauliza, "Mama Mize, banda la kuku linaelekezwa wapi mlango?"

"Sijui," akasema Siwatu. "Ngoja nikamuulize Bi Mosi."

Na akaenda, akauliza.

Hayo ndiyo mafunzo ya ngano hii. Anayekaa kwako na kula kwako, usimkaribishe kila siku. Mpe kazi, mpe mipaka, mwambie jiko ni lake, atakaa. Na wewe uliyehamia kwa watu, usingoje kuitwa kutoka mkekani. Inuka ushike mchi, hata kama utamwaga. Na jambo usilolijua uliulize, maana jirani naye ana adabu zake, na mayai yanaoza.

Ngano yangu imetua, mabawa imefunga. Mwenye tenga na alifunike, mimi nakwenda kumlaza wangu.

Imetua, tumeikamata.